Kitabu cha Mwanamke wa Vifungo

Sauda mwanangu,

Umekwenda Mwandiga kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula mara mbili, kwa hiyo nina saa kadhaa za kuandika kwa nafasi. Begi lako nimelipita hapo sebuleni na sijaligusa. Mambo ya kula vizuri, kuswali kwa wakati na kutompa mtu usiyemjua simu yako nimekuambia tangu una miaka saba. Kama hayajakuingia mpaka leo, barua haitayaingiza. Kesho stesheni watu watakuwa wengi, bibi yako atalia, na mimi nitajifanya nashughulika na mizigo. Ninayotaka kukuambia hayasemeki pale, ndiyo maana nayaandika leo.

Jumapili uliniuliza swali jepesi, nami nimekuzungusha juma zima kama karani wa ofisini. Uliuliza tuchague kitabu gani.

Wazo lenyewe nililipenda ulipolitamka tu. Kila Ijumaa baada ya alasiri, wewe ukiwa chuoni Dodoma na sisi hapa Kasingirima, tusikilize sura ile ile ya kitabu kile kile, halafu upige simu tujadili. Ukapakua vitabu vinne vya kusikiliza, vyote riwaya za Kiingereza za zama za Malkia Viktoria, kwa sababu unajua mama yako amefundisha riwaya hizo miaka ishirini na minane kwa watoto ambao hawajawahi kuona ukungu wa makaa ya mawe. Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi sana. Sikutegemea mwanangu atake kukaa na mimi ndani ya kitabu akiwa mbali.

Halafu ukamwita bibi yako atoe maoni, na pale ndipo nilipoponzeka.

Unakumbuka alivyowahukumu wale wasomaji. Cha kwanza, kile cha kiwanda cha pamba, kilichoigizwa na watu wengi, kina mvua na farasi na milango inayolia, na bibi akasema farasi ndiye anayesema vizuri kuliko wote. Cha pili, cha ndugu wawili wanaoshitakiana juu ya shamba la baba yao mpaka shamba likaliwa na mawakili, akasema habari hizo anazipata bure hapa mtaani. Cha tatu, cha kasisi na mpwa wake anayetafutiwa mchumba, akakuambia, "Huyu anasoma kama ana mafua na kalazimishwa. Toa." Ukafika cha nne ukaanza kumweleza: kuna mwanamke mwenye duka dogo la vifungo na nyuzi, katika mji wa mvua, na mume wake ni fundi saa, aliondoka asubuhi moja kwenda mji mkuu kutafuta kazi.

Bibi yako akaacha kuchambua mchele. "Hicho," akasema. "Cha mwanamke wa vifungo! Mama yako alitusimulia mwaloni, wewe hujazaliwa. Weka hicho."

Tangu siku ile nimekupa sababu tano za kukikataa. Nimesema ni kirefu, saa kumi na tisa nani ataziweza. Nimesema Kiingereza chake kigumu. Nimesema sauti ya yule mama anayekisoma inanichosha. Nimesema bando. Juzi nikasema macho yanauma, na wewe ukaniangalia na kuuliza, "Mama, kitabu cha kusikiliza na macho wapi na wapi?" Ulikuwa umenikamata na hukujua umekamata nini.

Sasa nakuambia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Babu yako, baba yangu, hukumwona. Alikuwa akivusha chumvi ya Uvinza kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na kurudi na vitenge. Nilipokuwa kidato cha pili alivuka ziwa kama kawaida yake na hakurudi. Waliovuka naye walisema walimwacha sokoni yu mzima, anacheka. Wengine wakasema ana mke kule. Hapakuwa na maiti, wala barua, wala talaka. Mwanamke aliyeachwa hivyo hapa kwetu anakaa pabaya kuliko mjane: hawezi kukaa eda kwa sababu hajafiwa, na hawezi kuolewa kwa sababu hajaachwa. Bibi yako alikaa hapo miaka mitatu, ana umri wa miaka thelathini na kitu, ana nguvu zake na sura yake.

Njia ilikuwapo. Mke anakwenda kwa sheikh, anaeleza, mashahidi wanasimama, ndoa inavunjwa, anakaa eda na kuwa huru. Na mtu wa kumwoa alikuwapo pia. Alikuwa Bakari wa Simbo, yule yule uliyemjua wewe kama Babu Bakari, aliyekuwa akiinama na kupiga makofi polepole akikusalimu "Mwidiwe" kwa heshima zote za Kiha, na wewe una miaka minne unakimbia kujificha nyuma ya mlango. Wakati ule wa kungoja alikuwa amefiwa na mke, ana mashamba ya michikichi, na kila wiki mbili alileta mawese nyumbani akakaa barazani dakika chache, akaondoka. Hakuwahi kuingia ndani. Nilimchukia kwa heshima yake hiyo hiyo, maana ilininyima sababu ya kumchukia.

Nikawa kidato cha tano, nikarudi likizo na kitabu cha fasihi tulichopangiwa. Mama na wenzake walikuwa wakianika dagaa mwaloni, kule mitumbwi inakotua asubuhi. Kazi yenyewe unaijua, umeiona: wanatandazwa mchangani, wanageuzwa kabla jua halijawakausha upande mmoja, kunguru wanafukuzwa, na mgongo unakatika. Lakini pale kwetu palikuwa na sheria moja tamu: anayesimulia hageuzi dagaa. Akipatikana mtu wa hadithi, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na sehemu yake wanageuza wengine. Basi mimi, mvivu niliyesoma, nikajitolea kuwasimulia kitabu cha Kiingereza. Kila siku sura moja au mbili, kwa Kiswahili, na kwa Kiha nilipokwama au nilipotaka wacheke.

Nilisimulia wiki tatu. Niliirefusha mvua, niliurefusha ukungu, kila mteja aliyekuja kununua kifungo nilimpa jina la mtu wa mtaani kwetu. Walimpenda yule mwanamke. Walijua kwamba kila jioni anatenga kikombe cha mumewe mezani na kila asubuhi anakung'uta vumbi kwenye koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango. Mama Chausiku, jirani yetu, alikuwa akinilaki njiani na kuuliza, "Kikombe bado kipo?" Mama yangu peke yake hakuuliza kitu. Aligeuza dagaa wake na wangu, lakini kila siku alikuwa anawaanika karibu zaidi na ndoo yangu.

Katika juma la mwisho alikuwa akinisuka nywele barazani, akaniambia, "Ijumaa baada ya swala nakwenda kwa sheikh." Hakusema la nini. Nilijua. Akaendelea kusuka.

Mimi nilikuwa nimeshakimaliza kitabu. Nilijua kwamba mume harudi. Mwandishi haelezi hata alikokwenda, na mwalimu wetu alitumia kipindi kizima kutuonyesha kwamba hapo ndipo ukubwa wa kitabu ulipo. Sura ya mwisho, asubuhi moja ya baridi, yule mwanamke anaamka, anakiosha kile kikombe na kukiweka kabatini pamoja na vingine. Analitoa koti mlangoni na kumpa jirani ambaye mtoto wake hana la kuvaa. Halafu anafungua duka. Basi. Hakuna anayebisha hodi.

Alhamisi ile nilifika mwaloni nikakaa kwenye ndoo yangu. Mama akaacha dagaa wake, akaja akakaa mchangani miguuni pangu, mikono ina magamba. Na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akauliza. "Alirudi?"

Nikamtazama usoni nikasema, "Alirudi. Aligonga mlango."

Sauda, walipiga vigelegele. Mama Chausiku alicheza. Nikawatengenezea na mengine, jinsi alivyokuwa amelowa, jinsi kikombe kilivyokuwa tayari mezani, na jinsi yule mwanamke alivyommiminia chai. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akapangusa mchanga kwenye kitenge, akarudi kwenye dagaa wake. Ijumaa hakwenda kwa sheikh. Alipoulizwa na mjomba wake, nami nikisikia kwa masikio yangu, alisema, "Tusifanye haraka. Hata yule wa kitabuni alirudi."

Wa kitabuni. Wewe na mimi tunajua kitabu kinaandikwa na mtu anayekunywa chai na kupiga miayo. Mama hakuwahi kushika kalamu. Kwake kitabu ni Msahafu, na hati ya kiwanja, na cheti cha kliniki. Jambo lililoandikwa lilikuwa limetokea. Mimi nilijua analiamini neno la kitabu hivyo, na ndiyo sababu nililitumia.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilimhurumia. Huo ndio uongo wa pili, na ulidumu kuliko wa kwanza. Huruma ilikuwapo, siikatai. Lakini nilichotaka hasa ni baba yangu, na sikutaka mwanamume mwingine atundike koti lake mahali pake. Nilikuwa na miaka kumi na nane, na nikamchagulia mama yangu maisha yake ili mimi nibaki na tumaini langu.

Bakari alingoja mwaka mwingine. Halafu akaoa kule kule Simbo, akapata watoto, na mawese akaendelea kuleta, sasa akitanguliza salamu za mkewe. Mama hakuolewa. Babu yako hakurudi, na mimi mwenyewe sijui ni mwaka gani nilipoacha kumtegemea, maana hakuna siku ya kuonyesha kwa kidole. Unakumbuka mwaka jana Babu Bakari alipofariki, bibi yako alikwenda matangani Simbo na aliporudi akalala siku tatu? Ulimnunulia dawa za malaria. Nilikuona unamkoroga uji, na bado sikusema.

Nilikuwa nimeshazoea, hicho ndicho kinachonitisha. Mtu akiubadili mwisho mara moja na watu wakampigia vigelegele, anapata mkono mwepesi. Baba yako alipolazwa, ulinipigia simu kutoka shuleni ukauliza hali yake. Daktari alikuwa ameniita pembeni asubuhi ile ile. Nikakuambia anaendelea vizuri, soma mitihani yako. Ulipofika nyumbani tulikuwa tumeshamzika. Hukunilaumu, ulinikumbatia tu, na mimi nikajipongeza kwamba nimekulinda. Siku hizi nikikuona umemkazia macho mtu anayekuambia "hamna shida", najua ulijifunza wapi. Nisamehe kwa hilo, mwanangu. Nimechelewa kusema.

Na wanafunzi wangu, masikini! Wangapi niliwapa sifuri kwa kubuni mwisho wa riwaya ambayo hawakuisoma. Niliwasomea majibu yao mbele ya darasa kwa sauti, nikawachekesha wenzao.

Sasa nikupe aibu ya juma hili, uone kwamba uzee haumfanyi mtu kuwa mwema peke yake. Jumatatu, ulipokuwa sokoni, nilichukua simu yako nikatafuta kama kitabu kile kina toleo jingine. Lipo, nikalipakua. Ni mchezo wa redio wa saa mbili, umeigizwa vizuri, una saa za ukutani na mvua na kengele ya duka. Waliofupisha wameikata sura ya mwisho. Wameishia usiku ule wa dhoruba, mwanamke ameketi na kikombe mezani, na nje zinasikika hatua juu ya mawe, zinakaribia, zinasimama. Kisha muziki. Msikilizaji anaachiwa ajazie mwenyewe, na nani hatajazia? Kipande hicho cha mwisho nilikisikiliza mara mbili. Miaka yote hii, na mtu huko Uingereza amenitengenezea ushahidi.

Nilikuwa na sababu zote za kulichagua. Ni fupi. Lina farasi mmoja, bibi angefurahi. Ningekuambia, chukua hili, na usingegundua kitu mpaka siku utakapokuja kusoma kitabu chenyewe, pengine mimi sipo. Jana niliandaa mpaka maneno ya kukuambia.

Leo asubuhi ulipotoka tu kwenda Mwandiga, nikamkuta bibi yako uani anachambua maharage. Shikamoo yangu aliijibu bila kuinua kichwa. Akauliza, "Mmeshaweka kitabu changu?" Changu, alisema. Nikakaa naye jamvini, nikaanza kuchambua, na maharage yalipofika nusu ya ungo nikamwambia. Nilimwambia yote, na Ijumaa ile, na kwamba nilikuwa simtaki Bakari.

Hakuacha kuchambua. Aliokota jiwe moja, akalitupa. Akaokota jingine.

"Koti alilifanya nini?" aliuliza.

"Alimpa jirani. Kwa ajili ya mtoto wake."

"Na kikombe?"

"Alikiosha akakiweka kabatini."

Akaendelea kuchambua, redio ya jirani inasikika. Nilitamani anipige kofi. Halafu akasema, "Bakari alijua?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyejua."

"Bakari aliniuliza mara moja," akasema. "Barazani pale. Aliniuliza, kwani ni nini kilichobadilika? Nikaona aibu kumwambia ni kitabu." Mikono yake ikasimama. "Mwana wanje, mimi nilikuwa mtu mzima. Pengine ningemngoja baba yako hata hivyo, nilikuwa nampenda. Sijui. Hicho ndicho ulichonichukulia. Sijui na sitajua."

Nililia. Yeye hakulia. Aliinuka na ungo wake, akaingia ndani, na chakula cha mchana amekula chumbani kwake, jambo ambalo hajalifanya tangu baba yako na mimi tuhamie kwake, wewe mgongoni. Nimepitisha mkono wangu mlangoni na maji ya kunywa. Aliyapokea, na hakusema asante.

Muda si mrefu uliopita, barua ikiwa imefika karibu hapa, alitoka na kusimama nyuma ya kiti changu. Akauliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia Sauda habari zile zile. Kisha akatoa amri yake, nami nakupa kama alivyoitoa, bila kuongeza chumvi:

"Mwambie aweke kile cha mwanamke wa vifungo. Kile kirefu, chote, hata kama kitaisha nimekufa. Na wewe usinifasirie. Wewe sikuamini. Atanifasiria Sauda kwa simu."

Basi jibu la swali lako la Jumapili ndilo hilo, na mchaguzi ni bibi yako. Futa ule mchezo wa redio niliouacha kwenye simu yako, upo chini kabisa. Kila Ijumaa baada ya alasiri nitaiweka simu kwenye kigoda mbele yake, nitawasha spika, na nitakaa pembeni. Pengine nitachambua maharage. Nimeomba ruhusa ya kukaa, na amesema nikae mahali anaponiona.

Amekupa kazi iliyonishinda mimi, na najua si nyepesi. Utakuwa mbali, sauti yake itakuja ndogo kwenye simu, na utampenda kuliko kitabu. Zipo sura atakazokuuliza maswali na utatamani kumpunguzia. Mimi nilimpunguzia, na unajua ilivyokuwa. Mpe mvua yote, mpe ukungu wote, muwacheke wateja wa duka mpaka mchoke. Akilia, mwache alie, usijaze kimya chake. Nami nitakuwa pale pale karibu yake, nikimsikia kwa mara ya kwanza akikijua kitabu kilivyo.

Mtafika sura ya mwisho, labda karibu na mitihani yako. Atakuuliza, najua atakuuliza, kama alivyoniuliza mimi mikono ina magamba.

Ukifika mlangoni pale, Sauda, kama hakuna aliyegonga, usigonge.

Mama yako